Jirani Aliyetundika Dubu

Ule mwaka nyanya zilipopotea madukani, Barking nzima, huku London, tukala mchuzi mweupe, ndio mwaka nilioanza kusema na jirani yangu wa ukuta mmoja. Mnaukumbuka wenyewe. Kuku mweupe, samaki mweupe, maharage yamelala ndani ya maji yao kama wagonjwa. Mwanamke wa Tanga kula mchuzi usio na nyanya ni sawa na kwenda harusini na kanga moja. Basi mwanzo wetu ulikuwa mwaka huo, na mwisho wetu umekuwa wiki iliyopita. Jumanne asubuhi mwanawe alinigongea mlango, fulana kaivaa ndani nje, akasema, "Mama amekwenda." Alhamisi tukamzika. Tangu Alhamisi hiyo mimi sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta nilichosimamia. Nimeosha vikombe vilivyo safi. Nimekwenda mpaka kituo cha basi, basi likaja, likafungua mlango, dereva akanitazama, nikamwambia pita baba, mimi naangalia tu. Wanaonisoma kila mwezi wanajua kwamba sina maneno ya kupamba, nimesoma mpaka darasa la nne nikaishia hapo. Leo hata hayo machache niliyonayo hayataki kukaa kwenye mstari. Nivumilieni.

Alikuwa Mwalbania, mtu wa milimani, kaskazini kabisa ya nchi yao, mahali anaposema theluji inaziba mlango na mbuzi wanalala ndani na watu. Mfupi, mnene, kichwani kitambaa cheupe, mikono kama ya mwanamume. Dini yetu moja, ila yeye aliishika kwa kidole kimoja. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, na vibovu viwili vikikutana husikilizana vizuri kuliko kizima na kibovu. Pakitushinda tunamwita mjukuu wangu, binti wa binti yangu, anayekaa nami kwa sababu mamake anafanya kazi ya kulea wazee kule Birmingham na zamu zake hazishikiki. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na yale atakayoyasema humu nimeyageuza mimi. Ndiye anayenichapia safu hii. Nasoma kwenye daftari, yeye anabonyeza. Sasa hivi yuko mbele yangu.

Niwaambie tulivyojuana, kwa sababu tulijuana kwa ugomvi. Mwanawe alikuwa anajenga chumba cha nyuma. Siku moja nafungua dirisha la jikoni nitoe moshi, naona juu ya mbao za mafundi pametundikwa dubu. Dubu wa watoto, wa manyoya, kamba shingoni, kitunguu saumu kifuani, macho mawili ya vifungo yananitazama mimi kwenye sufuria yangu. Jamani, mimi nimezaliwa Tanga. Nimeona vilivyofukiwa chini ya vizingiti vya watu. Nikasema haya, nimevuka bahari nzima na haya mambo yamenifuata kwa njia ya Uzunguni. Nikasoma nilichojaliwa kusoma, nikachukua chumvi, nikachukua fagio la mti mrefu, na mafundi walipokwenda kula nikamwangusha yule dubu, nikamtia kwenye mfuko na kumsokomeza kwenye pipa la taka, chumvi juu yake. Nikalala usingizi mtamu. Kesho yake naamka, naona sungura. Mkubwa kuliko dubu. Naye nikamshusha. Siku ya tatu nilipotoka na fagio langu nikamkuta mama mwenyewe kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono kifuani, ananingoja.

"Kwa nini unaniibia kinga yangu?" akauliza.

"Kwa nini unaniroga?" nikamjibu.

"Nani kakuroga? Wewe nani hata nikuroge?"

"Na yule aliyenyongwa ni nani? Mjomba wako?"

Mjukuu wangu akaja mbio kutafsiri, akashindwa kwa kucheka, akakaa chini kwenye majani. Alipopata pumzi ndipo nikaelewa. Kwao nyumba ikijengwa hutundikwa sanamu, wenyewe wanaiita dordoletsi. Zamani lilikuwa tambara lililojazwa majani makavu, siku hizi mdoli wowote atafaa. Kazi yake ni kulichukua jicho. Mpita njia mwenye husuda akiinua uso, jicho lake linaangukia kwanza kwenye kile kituko, linachoka hapo hapo, na nyumba inapona. Nikamuuliza, "Jicho la nani?" Akasema, "La yeyote. Hata lako." Hapo nikacheka mimi. Husuda! Kumbe huyu mtu wa theluji ananieleza kijicho, mimi ambaye mwanangu alivishwa hirizi kabla hajavishwa nguo. Nikamwambia tungekutana mapema angeninusuru na kazi ya fagio. Yeye hakucheka. Akaninyooshea kidole kule kwenye mbao: fundi alikuwa anachechemea, kwa sababu jana yake, sungura wangu akiwa ndani ya pipa, boriti ilimwangukia kidole gumba cha mguu. "Umeona?" akasema. Jioni akagonga, kashika chupa ya nyanya alizozipika na kuzifungia mwenyewe wakati wa mavuno, nyekundu kama kidonda. Mtaa mzima unakula mweupe, nyumba yangu inanukia mchuzi. Kuanzia siku hiyo nikamwita jirani, na yeye akalishika neno hilo akawa ananiita mimi. Ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua, na alilipiga kwa sauti ya kuitia mbuzi: "Jirani!"

Ukuta wa mbao kati ya bustani zetu ulikuwa na ubao mmoja uliooza, na tundu lile ndilo lililokuwa baraza letu. Alinihadithia mengi. Kulshedra, joka jike la vichwa vingi, analalia chemchemi na kuwanyima watu maji mpaka mashamba yanakauka. Adui yake ni watu wanaozaliwa na mbawa kwapani, mbawa ndogo zisizoonekana na yeyote ila mama aliyezaa, naye akilisema jambo hilo kwa mtu, mtoto anakufa. Ngurumo zikipiga, wale watoto huacha miili yao kitandani wakaenda mawinguni kupigana na joka. Siku mvua ya radi ilipotukuta tundu letu likiwa wazi, akamtazama mjukuu wangu kwa makini sana, mtoto akaangalia chini ya mkono wake akasema, "Bibi, mimi hapa sina mbawa, nina jasho tu." Nilipenda hadithi zake. Kwetu tuna zimwi, tuna majini, tuna vibwengo, tukawa tunampangia kila mmoja mwenziwe kama watu wanaoozesha watoto. Lakini yuko mmoja ambaye sikumpatia mwenzake kwa mzaha. Huyo ni ora.

Ora ni kiumbe wa kike asiyeonekana. Kila mtu ana wake, mweupe kwa mtu hodari, mweusi kwa mvivu, akifa wewe unakufa. Na wako wengine wasio na mtu, wanapita tu njiani wakisikiliza. Ukisema neno, jema au baya, na ora akawa anapita saa hiyo hiyo, anaitikia, "Na iwe hivyo." Basi limekwisha. Jirani yangu hata akijikwaa hakulaani jiwe. Mwanawe akichelewa hakusema "sijui kafia wapi" kama tunavyosema sisi. Mimi nilimwelewa bila mkalimani, kwa sababu bibi yangu alikuwa akitupiga vibao vya mdomo kwa jambo hilo hilo: msimtamkie mtoto neno baya, malaika atapita aseme amina. Nilimwelewa, nikajua ni kweli, na bado nikafanya nilichofanya. Sasa nakiandika.

Mwaka ule ule, nyanya zilipokuwa zimerudi, nilifanyiwa operesheni ya jicho. Nikiwa nimelala na bandeji, dada yangu akafariki Tanga. Dada tuliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Simu ilipigwa kwa binti yangu Birmingham, na binti yangu akanificha. Siku nne. Daktari alikuwa amesema nisilie, nisiinamie, presha isipande, naye akamsikiliza daktari. Nilipoambiwa, dada alikuwa ameshafunikwa udongo, na hata dua ya mazishi kwa simu sikuisikia. Nilitoka bustanini na simu. Binti yangu analia upande wa pili, ananiambia, "Mama, niliogopa utapofuka." Na mimi nikamwambia, taratibu, ili kila neno lifike: "Umenizuia nisimzike dada yangu. Basi na mimi nikifa, usinizike." Nikakata.

"Jirani!" Tundu la mbao likaita. "Umesema nini?"

"Nasema na mwanangu."

"Sikukuuliza unasema na nani. Umesema nini? Lugha siijui, ila mdundo wake naujua."

Nikamwambia. Alishika ubao kwa mikono miwili nikadhani ataung'oa. "Rudisha. Sasa hivi. Piga simu tena kabla hajafika."

"Nani?"

"Unamjua mwenyewe."

"Silirudishi," nikasema. "Neno langu si kanga ya dukani."

Ndipo aliponihadithia habari ya mamake. Kaka wa jirani yangu, kijana mwenye kiburi, alitaka kuvuka milima kwenda Ugiriki kutafuta kazi. Mama hakutaka. Waligombana getini, na kijana alipompa mgongo, mama akasema, "Nenda, na usirudi." Alikwenda. Hakurudi, wala mwili, wala barua, wala kiatu. Yule mama aliishi miaka mingi baadaye, na kila asubuhi, mvua au theluji, alikwenda kusimama pale pale getini, unyayo juu ya unyayo, akasema, "Rudi." Nyasi hazikuota tena mahali pale. Jirani yangu akasema, "Lakini ora alikuwa ameshapita. Ora mmoja kwa njia moja, hapiti mara mbili kwa kutaka kwako." Nilimsikiliza. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Miaka ikapita hivyo. Binti yangu ananiletea vitu kwa mkono wa mtoto wake: dawa, sweta, majani ya chai ninayoyapenda. Anapiga simu kwa mtoto wake na mimi nasikia sauti yake ndogo kama mbu, "Bibi amekula? Bibi ametoka?" Kwangu hapigi, kwa sababu mara tatu za kwanza alipiga sikupokea. Na niwaambie jambo linaloniondolea usingizi: mwanangu ni mtii. Nilimlea hivyo mwenyewe, na nikajisifu kwenu humu humu kwamba nimemlea hivyo. Nikifa kesho hatakuja kaburini. Atajifungia Birmingham alie mpaka akauke, lakini hatakuja, kwa kuwa mamake alimkataza.

Nimepiga deki wodini kule Lewisham miaka mingi, na mtu wa deki haonekani, ndiyo maana anasikia. Nimewasikia watu wakubwa, wenye suti, wakiwaambia maiti maneno waliyopaswa kuwaambia wazima. Unamsikia mtu anasema "nisamehe" na mashine imeshazimwa. Mimi nilikuwa nainua ndoo yangu natoka, najisemea, wajinga hawa, walikuwa na simu mfukoni. Sasa tazama nani ana simu mfukoni. Na vijana wa leo wanadhani wamepata dawa. Mjukuu wangu aliwahi kunionyesha: umeandika ujumbe mbaya, unaubonyeza, unafutika kwako na kwa uliyempelekea, kama hukusema. "Rahisi, Bibi," akasema. Nikamuuliza, na kama alishasoma? Akairudisha simu mfukoni. Mji huu umejaa maneno yaliyofutwa ambayo watu walishayasoma. Wahenga walituambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi kila nikimkumbuka yule fundi anayechechemea najua kati yetu wawili nani kapona. Chake kilipona kwa wiki mbili.

Majira haya ya baridi yaliyopita jirani yangu aliugua, wakamteremshia kitanda sebuleni. Nikawa nampelekea supu, naye anaisifu na haimalizi. Siku moja alimtoa mwanawe chumbani, akanishika mkono, akaniomba radhi. Wanalo hilo kama sisi tulivyo nalo, la kuombana halali kabla ya safari. Alishawaita watoto wake mmoja mmoja akawaambia hakuna neno lake lililobaki juu yao. Kisha zamu yangu. "Na wewe," akasema, "dubu wangu na sungura wangu, nimekusamehe." Nikacheka na machozi. Na hapo, kwa kuwa nilikuwa nimelainika, nikaona njia. Nikamwambia, "Jirani, wewe unajua kusema na watu. Mpigie binti yangu. Namba hii hapa. Mwambie mamako amelifuta lile neno." Nilishaipata namba kwenye simu, nikamshikisha mkononi. Mtu aliyenisukuma miaka yote nilirudishe lile neno, nilidhani atafurahi.

Aliitazama simu. Akanirudishia, akaikunja mikono yangu juu yake kama anafunga kifurushi. "Hapana, jirani. Mdomo uliofunga ndio utakaofungua. Mimi si mdomo wako."

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani na sufuria yangu, nikamwambia mjukuu, mgonjwa yule kawa mkali. Siku tano sikwenda. Nilipokwenda tena hakulitaja, na mimi sikulitaja, tukazungumza habari ya nyanya zake, nani atazifungia kwenye chupa mwaka huu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Nyanya.

Alhamisi makaburini nilisimama nyuma na kina mama wao. Watoto wake wote walikuwepo. Yule mwanawe alishuka kaburini mwenyewe kumpokea mamake, viatu vyake vikajaa udongo wa mfinyanzi, akapanda juu akiwa na sura ya mtu aliyemaliza kazi yake yote. Niliwaangalia wale watoto nikahesabu, nikasema, mazishi yangu yatakuwa na watu wangapi? Msikiti utakuja, majirani watakuja, mjukuu atakuja. Na yule niliyemzaa? Mwanamke mmoja wa kwao akanipa mkono, nikalia begani kwake, akidhani namlilia marehemu. Nilimlilia, lakini si yeye tu.

Sasa niseme ukweli, nilikaa kuandika safu hii kwa hila. Binti yangu huisoma. Mtoto wake humpelekea kila mwezi, nami najifanya sijui. Nikasema nitamwandika jirani yangu, na mwisho wake, kwa heshima zote, nitaliweka lile neno la kulifuta lile jingine, lichapwe, lisomwe Birmingham, tumalizane bila mimi kusikia sauti yangu inatetemeka. Nimeshaliandika kwenye daftari. Limo hapa, mistari miwili na nusu. Nimemsomea mjukuu wangu mpaka hapo, naye akaacha kubonyeza. Akanitazama. Huyu mtoto anayenijibu Kiingereza tangu anaanza kusema akaniuliza kwa Kiswahili, "Bibi, na hii niandike mimi?"

Nimeikata ile mistari kwa kalamu, mara mbili, isisomeke. Kwa sababu gazeti nalo si mdomo wangu, na mtoto huyu si mdomo wangu. Niliyojifunza kwa jirani yangu ni haya tu, na nawaachia nyinyi ambao neno lenu limesimama mahali: kama ora ameshapita au hajapita sijui, na yule mama wa getini hakujua, lakini alikwenda kusimama kwa miguu yake. Simu iko mezani, namba iko wazi, mjukuu wangu kaenda kukaa ngazini, haya ya mwisho atayachapa baadaye, kaniacha peke yangu na mlango kaurudisha nusu. Nimemwita marehemu mara moja zaidi, kimoyomoyo, kupitia lile tundu la mbao: jirani, nisaidie, sema wewe. Naye, aliye chini ya udongo, kanijibu kama alivyonijibu akiwa hai:

"Hapana, jirani. Mdomo uliofunga ndio utakaofungua. Mimi si mdomo wako."